Siku saba, hifadhi tatu na barabara moja iliyofunikwa na theluji: uchambuzi wa mpango wa familia

Wasafiri ni wanne, wote wa familia moja, wote wenye pasipoti za Kenya. Yupo Mama, miaka 67, mwenye presha anayoidhibiti kwa vidonge na magoti yasiyopenda ngazi. Yupo binti yake mkubwa, ambaye ndiye mpangaji. Yupo mume wa binti, dereva anayesifiwa na ukoo mzima. Na yupo kitinda mimba wa Mama, kijana ambaye ndiye aliyeanzisha wazo zima la kwenda kuiona milima ya Rocky, Marekani. Tiketi za ndege zilikuwa zimeshalipwa: kutua Bozeman, Montana, Jumamosi alasiri katikati ya Juni, na kuondoka hapohapo Jumamosi ya pili yake, alasiri pia. Likizo za kazini hazisogei. Kilichobaki ni njia, gari na mahali pa kulala, na hicho ndicho nilichoombwa kukipitia kabla hawajatoa pesa nyingine.

Jedwali la dada mpangaji lilikuwa safi, tena lenye rangi. Jumamosi wachukue gari na kuendesha hadi mji wa West Yellowstone, kilomita 145. Jumapili, kwa maneno yake mwenyewe, "Yellowstone yote". Jumatatu washuke kusini, wapite Grand Teton, walale Jackson, Wyoming. Jumanne watoke Jackson hadi Hifadhi ya Taifa ya Glacier, zaidi ya kilomita 700 kwa siku moja. Jumatano wapande barabara mashuhuri ya Going-to-the-Sun. Alhamisi wavuke mpaka waingie Hifadhi ya Waterton Lakes, Kanada, na walale huko. Ijumaa warudi Bozeman. Ukijumlisha unapata takriban kilomita 2,200 na vitanda vitano tofauti katika usiku saba.

Shemeji, mume wa dada, alilitetea jedwali kwa sentensi moja: "Huko ni lami tupu, kilomita 700 ni saa saba, tunapokezana usukani." Kwa barabara kuu hajakosea sana. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya safari hii haiko kwenye barabara kuu, na ile sehemu iliyoko huko ndiyo isiyo na cha kutazama.

Kilomita za ndani ya lango

Yellowstone ilitangazwa hifadhi mwaka 1872, ya kwanza duniani kuitwa hifadhi ya taifa, na ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000. Barabara yake ya ndani imejikunja mfano wa namba nane na ina urefu wa kilomita 229. Mwendo wa juu unaoruhusiwa sehemu nyingi ni maili 45 kwa saa, yaani kilomita 72. Lakini ukipanga kwa 72 utaumia. Mimi hupanga kwa 45, hapo sijahesabu kusimama, na sababu kubwa ina nundu na manyoya.

Baisani, yule nyati wa Marekani, hana haraka na hana woga wa gari. Kundi likiamua kutembea juu ya lami, linatembea juu ya lami. Dume mkubwa anaweza kufika kilo 900; anapita karibu na kioo cha dirisha akihema, kichwa chake kikiwa usawa wa uso wako, manyoya ya majira ya baridi yamemning'inia mabegani kama blanketi lililochakaa. Huwezi kumpigia honi, huwezi kumsukuma. Mbele yako magari thelathini yamezima injini na watu wamechomoza simu madirishani. Dakika arobaini zinapita. Halafu kundi linashuka bondeni kwa sababu zake, foleni inasogea, na baada ya kilomita tatu kuna foleni nyingine kwa sababu mtu ameona dubu.

Sasa rudi kwenye Jumapili ya jedwali. Duara zima pamoja na kuingia na kutoka West Yellowstone ni kama kilomita 275. Kwa mwendo wangu ni saa sita za usukani bila kushuka garini hata mara moja. Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji ya moto juu, hulipuka kila baada ya saa moja na nusu hivi, kwa hiyo ukifika dakika tano baada ya mlipuko unakaa kwenye benchi. Maegesho ya Grand Prismatic Spring, bwawa la maji moto lenye upana wa zaidi ya mita 100 na rangi utakazodhani zimechorwa, hujaa kuanzia katikati ya asubuhi. Kisha kuna korongo la Yellowstone na maporomoko yake ya chini, mita 94. Dada alikuwa ameyaweka yote haya siku moja, na katikati yake ameandika "chakula cha mchana, dakika 30".

Nilimwambia waziwazi: kwa jedwali hili Mama ataiona Yellowstone kupitia kioo.

Theluji ya Juni

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo, na ndipo mabishano yalipochukua muda.

Going-to-the-Sun ina urefu wa kilomita 80 hivi. Ilikamilika mwaka 1932, ikazinduliwa rasmi Julai 1933, na inakatiza Glacier kutoka Ziwa McDonald upande wa magharibi hadi St. Mary upande wa mashariki, ikivuka mgongo wa milima kwenye Logan Pass, mita 2,026 juu ya usawa wa bahari. Kwa namba hizo haionekani kutisha; wapo Wakenya wengi wanaoishi juu zaidi ya hapo. Lakini latitudo ni nyingine kabisa. Kila Aprili mitambo huanza kuondoa theluji kutoka pande zote mbili. Mahali panapoitwa Big Drift, mashariki kidogo ya Logan Pass, upepo hulundika theluji inayoweza kufika kimo cha mita 24. Wakishasafisha, poromoko la theluji linaweza kushuka na kufunika upya walikotoka. Ndiyo maana barabara hii haina tarehe ya kufunguliwa. Inafunguliwa ikiwa tayari.

Kijana alikuwa amefanya kazi yake ya nyumbani, nampa haki yake. Alinionyesha kwamba mwaka 2023 barabara yote ilifunguliwa Juni 13, na mwaka 2025 Juni 16. Jumatano yao ingeangukia siku hizohizo. "Kwa hiyo inawezekana," akasema. Inawezekana, ndiyo. Ila mwaka 2022 ilisubiri hadi Julai 13, mwezi mzima baadaye, na kwa kawaida watu huitegemea kuanzia mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai.

Tungeweza kubishana hadi kesho kuhusu uwezekano, na wala si jambo la maana hapa. Swali nililomuuliza ni hili: barabara ikiwa imefungwa, nini kingine kinaanguka nayo? Tukaenda siku kwa siku. Jumanne ya kilomita 700 ilikuwepo kwa ajili ya barabara hii. Jumatano ndiyo yenyewe. Alhamisi ilitegemea kuvuka juu yake ili kufika upande wa mashariki na mpakani. Ikifungwa wanazunguka kusini kwa barabara ya US 2, kilomita 140 hivi, kurudi karibu na walipokuwa wakielekea. Ijumaa ni kurudi tu. Siku nne kati ya saba zimeegemea nguzo moja, na ufunguo wa nguzo hiyo uko kwa dereva wa mtambo wa theluji. Kama barabara ile ingekuwa kituo cha nusu siku, ningesema jaribuni bahati. Kwa hesabu hii, hata kama nafasi ya kufunguliwa ingekuwa nusu kwa nusu, nisingeshauri.

Kijana alikuwa na jibu la mwisho: wakati theluji inaendelea kuondolewa, watu huruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kwenye sehemu iliyofungwa kwa magari. Ni kweli, na kwa vijana wawili wenye miguu ni raha isiyo na kifani, lami nzima bila gari hata moja. Mama alikuwa anasikiliza kwenye simu. "Baiskeli mtanibeba nyuma?" akauliza. Suala hilo likaishia hapo.

Mpaka ambao hakuna aliyeuona

Waterton Lakes na Glacier zimeunganishwa tangu 1932 kuwa Hifadhi ya Amani ya Kimataifa, na kwenye ramani mstari wa mpaka unapita kama uzi tu. Jedwali nalo liliuchukulia kama uzi. Lakini pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Kanada, iliyoombwa na kupatikana mapema, kwa kila mmoja wa wanne. Kisha ni lazima waruhusiwe kuingia tena Marekani, jambo linalotegemea aina ya viza waliyonayo. Kisha kampuni ya gari iwe imekubali gari livuke. Kwa usiku mmoja wa kulala, hiyo ni foleni ndefu mno ya vibali. Waterton ilifutwa bila mabishano. Dada alikiri kwamba aliiweka ili picha ziwe na nchi mbili.

Viingilio

Safu ya viingilio ilisomeka dola 105: hifadhi tatu, dola 35 kila gari. Hiyo ndiyo bei ambayo blogu nyingi za zamani bado zinaitaja, nayo haijafutwa. Lakini tangu Januari 1, 2026, wasio wakazi wa Marekani wenye miaka 16 na zaidi, wasio na pasi ya mwaka, wanaongezewa dola 100 kila mtu katika hifadhi 11 kati ya zile zenye wageni wengi zaidi. Yellowstone, Grand Teton na Glacier zote zimo. Watu wazima wanne, hifadhi tatu: dola 1,200 juu ya zile 105. Pasi ya mwaka kwa asiye mkazi ni dola 250, na humwingiza mwenye pasi pamoja na abiria wa gari lake. Hata baada ya kupunguza hifadhi hadi mbili, hesabu inabaki 870 dhidi ya 250. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwenye jina kwenye pasi awe ndani ya gari kila wanapopita langoni, na kitambulisho chenye picha kiwe mfukoni. Pasi iliandikwa jina la Mama, kwa sababu kati ya wote ndiye pekee ambaye hakuna mpango wa kumwacha hotelini.

Kuchagua

Tulibaki na njia mbili za kweli.

Ya kwanza: kuacha Yellowstone na kukaa Glacier wiki nzima. Usidhani ni wazo la ovyo. Mabonde ya chini huwa yamefunguka kufikia katikati ya Juni: Ziwa McDonald, Two Medicine na Many Glacier kwa kawaida hufikika kwa gari, maporomoko ya maji yamefura kwa theluji inayoyeyuka, na wageni ni wachache kuliko Julai. Kwa mtembeaji ni zawadi. Lakini njia nyingi za miguu za juu bado zina theluji wakati huo, na Glacier bila njia za miguu na bila Logan Pass inabaki kuwa hifadhi ya kutazama milima kutoka pembeni ya ziwa. Mara moja, mara mbili, ya tatu Mama ataomba kurudi chumbani.

Ya pili: kuacha Glacier, kukaa Yellowstone na Grand Teton peke yake. Vivutio vingi vya Yellowstone viko hatua chache kutoka kwenye maegesho, juu ya njia za mbao zilizo tambarare au zenye mwinuko mdogo. Wanyama wanaonekana ukiwa umekaa. Na Grand Teton, hifadhi tangu 1929, ina sifa moja ambayo wenye magoti mabovu wanapaswa kuijua: milima inasimama wima kutoka uwandani bila vilima vya kutangulia, kwa hiyo mlima wa mita 4,199 unauona wote, kuanzia kwenye kisigino hadi kileleni, ukiwa umekaa kwenye kiti cha gari.

Nilipendekeza ya pili. Kijana hakufurahi. Alisema mtu havuki bahari kila mwaka, na hapo alikuwa na haki. Ndiyo maana nikamwachia jambo moja la kuamua mwenyewe, nitalifikia.

Mpango mpya

Usiku wa kwanza wanalala Bozeman, dakika chache kutoka uwanja wa ndege. Shemeji alitaka waondoke siku ileile kwa sababu katikati ya Juni jua linachwea saa tatu usiku na "mwanga upo". Mwanga upo, ubongo haupo. Tofauti ya saa kati ya Kenya na Montana wakati wa kiangazi ni tisa: saa kumi na mbili jioni ya Bozeman ni saa tisa usiku mwilini mwa dereva. Tena dereva huyo amezoea kuendesha kushoto maisha yake yote, na hapa ni kulia. Makutano ya kwanza ya kukata kushoto, mtu akiwa na usingizi, ndiyo mahali pabaya pa kujifunza.

Tofauti hiyohiyo ya saa ina faida, na mpango mpya umejengwa juu yake. Siku tatu za mwanzo wote wanne watakuwa macho saa tisa au kumi usiku wakitazama dari. Basi waamke. Jumapili wanaendesha kilomita 130 hivi hadi Gardiner, kwenye Lango la Kaskazini, wanatazama matuta ya chokaa ya Mammoth, wanalala mapema. Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri wanaondoka kwenda Bonde la Lamar.

Lamar ndiyo siku niliyoipa muda mwingi kuliko zote. Bonde ni pana, limefunguka, mto unapita katikati, na alfajiri ndipo mbwa mwitu wa huko (wolf) na dubu huwa bado wanatembea. Mbwa mwitu walimalizwa Yellowstone miaka ya 1920 na kurudishwa kuanzia 1995. Leo kuna watu wanaokuja Lamar kila alfajiri na darubini za miguu mitatu kuwatafuta tu. Ukiona magari matano yameegeshwa pembeni na watu wametulia kimya, egesha kabisa nje ya mstari mweupe, shuka, salimia, uliza. Mara nyingi utakaribishwa kuchungulia. Sheria ni mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, mita 23 kutoka kwa wanyama wengine, baisani akiwemo. Mita 23 hazitoshi kama dume amenyanyua mkia kwa hasira. Baisani hukimbia kilomita 55 kwa saa, na mlango wa gari uwe karibu yako kuliko karibu yake.

Wachukue nguo za baridi za kweli. Theluji Yellowstone inaweza kuanguka mwezi wowote, na Juni alfajiri vidole huganda. Jedwali la kwanza lilikuwa na safu ya "miwani ya jua" bila safu ya glavu.

Kutoka Gardiner hadi Lango la Kaskazini Mashariki na kurudi ni kilomita 167. Saa sita mchana wameshamaliza, Mama anarudi kulala. Hapa ndipo kijana alipoachiwa uamuzi wake. Nje ya lango hilo, baada ya mji mdogo wa Cooke City, inaanza Beartooth, barabara inayopanda hadi mita 3,337, juu kuliko miti inavyoweza kuota, kati ya kuta za theluji na maziwa yaliyoganda nusu. Ni fidia ya haki kwa Logan Pass. Kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei, ila hata Juni dhoruba inaweza kuifunga kwa siku moja au mbili. Masharti tuliyokubaliana: iwe wazi asubuhi hiyo, Mama awe amelala vizuri na presha aliyopima alfajiri iwe kawaida yake, na wageuze kileleni bila kuteremka hadi Red Lodge. Moja likikosekana, wanarudi Gardiner na hakuna anayenuna. Daktari wa Mama aulizwe kuhusu mita hizo kabla ya safari, sio baada.

Jumanne wanavuka hifadhi yote upande wa mashariki, kutoka Gardiner hadi Jackson, kilomita 250 hivi: Dunraven Pass, korongo, Bonde la Hayden, kandokando ya Ziwa Yellowstone ambalo lenyewe liko mita 2,357, kisha Lango la Kusini. Ukiacha Beartooth, ni siku ndefu kuliko zote kwenye mpango mpya na haikuepukika. Kituo kimoja tu nimekitia alama ya lazima, Artist Point, kwa sababu kutoka kwenye maegesho hadi ukingoni pa kutazamia maporomoko ni mwendo mfupi ambao Mama ataumudu.

Jumatano ni Teton, na alasiri yake iko wazi kabisa. Dada aliitazama ile nafasi tupu kwa mashaka. Asubuhi mapema wafike Jenny Lake kabla maegesho hayajajaa. Vijana wavuke ziwa kwa boti na kupanda hadi Hidden Falls, Mama na binti yake wabaki ufukweni. Baada ya hapo, chochote. Kufua nguo pia ni chochote.

Alhamisi wanarudi Yellowstone kwa kusini, wanapita Old Faithful, wanalala West Yellowstone. Ijumaa ni mabwawa ya moto: Grand Prismatic na Norris. Muda wa mlipuko unaotarajiwa wa Old Faithful huonyeshwa kwenye programu ya simu ya Huduma ya Hifadhi za Taifa, ila wapakue taarifa zake pamoja na ramani wakiwa bado hotelini, maana mtandao ndani ya hifadhi ni wa kubahatisha. Na wasikanyage nje ya njia za mbao hata kwa picha ya sekunde moja. Ardhi ile ni ganda jembamba juu ya maji yanayochemka, na watu wamekufa humo. Jumamosi asubuhi ni kilomita 145 kwenda Bozeman.

Jumla kilomita 1,100 hivi bila Beartooth, nusu ya jedwali la kwanza. Vitanda vinne badala ya vitano, na vitatu kati ya hivyo ni vya usiku mbilimbili.

Vitanda na mlango wa dharura

Loji za ndani ya Yellowstone hufungua uwekaji nafasi zaidi ya mwaka mmoja kabla, kwa hiyo dada alipoziangalia zilikuwa zimejaa. Nilimwambia asikate tamaa wala asisubiri: alipie miji ya malangoni vyumba vinavyoweza kufutwa, kisha awe anachungulia loji za ndani kila siku chache, maana watu hufuta. Akipata Old Faithful kwa Alhamisi, kilomita nyingi za kwenda na kurudi zinaondoka.

Neno "vinavyoweza kufutwa" nililisisitiza hasa kwa Gardiner. Juni 13, 2022, wiki ileile ya mwaka wanayosafiri wao, mvua na theluji iliyoyeyuka viliifanya mito ifurike na kuchukua vipande vya barabara ya Lango la Kaskazini. Hifadhi ilifungwa, wageni wakaondolewa, na malango mawili ya kaskazini yakarudi kwa magari ya kawaida Oktoba. Hilo si jambo la kila mwaka. Lakini likitokea, mwenye chumba kisichorudisha pesa Gardiner analala nacho peke yake. Mpango wa akiba ni kuanzia West Yellowstone na kuzunguka kinyume, kwa siku zilezile.

Gari: shemeji alitaka kubwa la magurudumu manne yote. Kwa njia hii, ambayo ni lami mwanzo hadi mwisho, la kawaida lenye nafasi ya mizigo linatosha, na pesa iliyobaki ilipie dereva wa pili kwenye mkataba. Kupokezana usukani na mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba ni kujitafutia makubwa.

La mwisho tulilolimaliza ni dawa ya kupuliza ya kumfukuza dubu. Inunuliwe Bozeman baada ya kutua, kwa sababu hairuhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye mzigo. Kopo likae kiunoni mwa anayetangulia, sio ndani ya begi. Kijana ndiye atakayelibeba, na ameshaambiwa kwamba halipulizwi mwilini kama dawa ya mbu. Siku ya kuondoka waulize hotelini au kwenye kituo cha wageni mahali pa kuliacha. Bado wana wiki sita: dada anafuatilia vyumba, kijana anafuatilia ukurasa wa hali ya barabara ya Beartooth, na Mama ameandika miadi ya daktari.